Sipre fupi ya lupango: tuipande, tuikate, tuiokoe



Somo la leo limetoka katika swali la mwanachama mmoja. Alituonyesha picha mu telefone: mti mdogo wa kijani kibichi, umechongoka kama kichwa cha mkuki, umesimama mbele ya nyumba ya Ulaya. Akauliza: «Ba agronome, kamuti haka mutatutafutia wapi? Tunataka tukapande mbele ya depo yetu, na tuzungushe lupango yote.»

Tulicheka kidogo, kiisha tukaona swali ni la maana. Mu vijiji vyetu vya milima, lupango nyingi ni za sipre, na sipre hizo zinakauka. Zingine zinauawa na wadudu. Zingine tunaziua sisi wenyewe kwa panga. Basi tujibu swali la picha kwanza, halafu tuingie mu kazi yenyewe.

MTI WA PICHA NA MTI WETU

Mti ule wa picha ni wa jamii ya episea, miti ya nchi za theluji. Aina yake fupi inayojulikana sana ilipatikana mwaka wa 1904 katika milima ya Alberta, nchini Kanada, karibu na kijiji kilichoitwa Laggan, ambacho leo kinaitwa Lake Louise. Wataalamu wawili wa miti, Alfred Rehder na John George Jack, waliiona pale wakachukua miche. Mti huo ni mfupi kwa asili yake: unaongeza santimetre 5 mpaka 10 hivi kwa mwaka. Lakini umezoea majira ya baridi kali, wakati mti unalala na theluji inafunika udongo. Hapa kwetu karibu na ikweta majira hayo hayako. Tusitupe franka zetu kutafuta mti ambao utateseka kwetu.

Sisi tuna sipre. Kwa jina la wataalamu ni Cupressus lusitanica. Neno la pili lina maana ya «ya Ureno», kwa sababu wataalamu wa Ulaya waliijua kwanza katika bustani za Ureno. Lakini asili yake si Ureno: ni milima ya Meksiko na ya nchi za Amerika ya Kati. Ndiyo maana inapenda milima yetu ya Lubero, Masisi, Kabare na Walungu.

Tofauti moja tuikumbuke. Episea ya picha ni fupi yenyewe. Sipre yetu si fupi: ukiiacha inaweza kufika metre 30. Ufupi wake unatoka mikononi mwetu. Mwenye kupanda sipre ya lupango amekubali kazi ya kukata kila mwaka. Kama hataki kazi hiyo, afadhali asipande.

TUANZE NA KOSA LETU

Hatuwezi kufundisha bila kusema tuliyoharibu. Miaka michache iliyopita, kikundi kimoja cha wamama kilituita. Lupango ya pepinieri yao, metre 40 za sipre, ilikuwa imepita urefu wa metre 4. Kivuli kilikuwa kinafunika matuta ya shu na vitunguu. Waliuliza tufanye nini.

Tuliangalia haraka. Tulikuwa tumetoka kufundisha namna ya kufufua kahawa ya zamani, ile ya kukata shina karibu na udongo ili machipukizi mapya yatoke. Tukaona sipre nayo ni mti, itafanya vilevile. Tukasema: kateni kwa msumeno metre moja juu ya udongo, na matawi ya pembeni yakatwe mpaka karibu na shina. Vijana walifanya kazi siku mbili, wakaifanya vizuri sana.

Tukangojea machipukizi. Mwezi wa kwanza, hakuna. Mwezi wa pili, hakuna. Miti 81 ilibaki kama vigingi vya kufungia ngombe. Mbuzi wakaingia usiku na kula miche yote ya musimu ule. Wamama walikuwa wamekopa mu kasha ya akiba ili wanunue mbegu. Mama presidente alituambia bila kupandisha sauti: «Munaonaka? Mbuzi wanaingia sasa kama mu soko. Na deni ile, nani atailipa?»

Deni walililipa wao, kwa kuuza mihogo. Sisi tulirudi na miche mipya na kupanda nao pamoja, lakini musimu uliopotea haurudi. Somo hili tuliwaahidi wao kwanza.

Kosa letu lilikuwa nini? Kahawa, mkaratusi na grevilea vina macho yaliyolala chini ya ganda la zamani. Ukikata, macho yale yanaamka. Sipre haina macho ya namna hiyo mu mti wake wa zamani. Inachipuka tu pale penye majani ya kijani. Ukikata tawi mpaka fasi isiyo na jani, tawi hilo limekufa. Ukikata hivyo matawi yote, umeua mti.

Basi hii ndiyo sheria ya kwanza ya somo, na kama utasahau mengine yote, shika hii: KABLA YA KUKATA, FUNUA TAWI NA UANGALIE. KAMA CHINI YA FASI UNAYOTAKA KUKATA KUNABAKI KIJANI, KATA. KAMA KUNABAKI MTI MTUPU, ACHA.

FASI YA KUPANDA

Sipre inafaa mu milima, tangu metre 1,500 hivi kwenda juu. Kule chini kwenye joto inakua vibaya na kushikwa na magonjwa haraka. Haipendi fasi ambayo maji yanasimama. Chimba shimo la santimetre 40 wakati wa mvua: kama kesho yake maji yangali ndani, tafuta fasi nyingine.

Mizizi yake mingi inatembea karibu na uso wa udongo, na inakunywa maji ya jirani. Maharagi na mboga zikiwa karibu sana zinabaki manjano na fupi. Acha metre 2 hivi kati ya lupango na mstari wa kwanza wa mazao. Fasi hiyo si ya bure: ndiyo njia yako ya kupita wakati wa kukata. Karibu na nyumba, acha metre 3. Chini ya nyaya za umeme, usipande kabisa.

Jambo lingine ni jirani. Mu vijiji vyetu, mti uliopandwa ni alama ya mpaka, na mpaka umeshavunja udugu wa watu wengi. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, mwite jirani, pimeni pamoja, mbele ya mushahidi anayekubaliwa na wote wawili. Kisha panda ndani ya upande wako, si juu ya mpaka wenyewe, kwa sababu lupango inanenepa. Acha metre moja, ili ukate pande zote mbili bila kuingia kwa mwenzako. Mti unapandwa siku moja, lakini kesi inaweza kufika kwa wajukuu.

PEPINIERI

Kupata mbegu. Tafuta sipre zenye afya, zilizonyooka, tano ao zaidi, zisizosimama fasi moja. Usichukue mbegu kwa mti mmoja tu. Chuma matunda ya rangi ya kahawia yaliyo magumu na yangali yamefungwa. Ya kijani bado hayajakomaa, na yaliyokwisha kufunguka yamemwaga mbegu. Yaanike juu ya kitambaa kwenye jua siku kadhaa, usiku uyaingize ndani. Yatafunguka yenyewe, kiisha utikise. Mbegu ni ndogo sana: kilo moja inapita mbegu 150,000. Kikombe kimoja kinatosha kikundi kizima. Nyingi hazitaota, kwa hiyo tupande zaidi ya tunazohitaji na tusishangae nusu zikipotea.

Kupanda mbegu. Tunapanda mu Januari, ili miche iwe tayari mvua ya Septemba ikirudi. Tengeneza tuta dogo lenye udongo laini uliochanganywa na mchanga. Usiweke mbolea mbichi ya ngombe. Mwaga maji ya moto juu ya udongo, uache upoe kabisa, ndipo umwage mbegu. Funika kwa udongo mwepesi, si zaidi ya nusu ya santimetre. Weka kivuli cha majani juu, kimo cha metre moja. Zinaanza kuota baada ya juma mbili hivi, zingine zinachelewa mpaka mwezi.

Ugonjwa wa kulala. Miche midogo inaweza kuanguka ghafula, shina limeoza pale linapogusa udongo, kama imekatwa na kisu. Ni kuvu, na inapenda maji mengi na miche iliyosongamana. Mwagilia asubuhi, si jioni. Punguza miche. Ukiona fasi moja imeanza kuanguka, toa miche ile pamoja na udongo wake, utupe mbali, na upunguze maji kwa siku chache.

Kuhamishia mu sashe. Miche ikifika santimetre 4 ao 5, ihamishie mu sashe za plastiki zilizotobolewa chini. Changanya sehemu 3 za udongo wa juu, 1 ya mchanga na 1 ya mboji iliyoiva. Mche ushikwe kwa majani, usishikwe kwa shina. Mzizi uingie umenyooka, kwa sababu mzizi uliojikunja leo ndio mti utakaoanguka kesho. Kila juma tatu, inua sashe na ukate mizizi iliyotoka chini. Mwezi wa mwisho, ondoa kivuli polepole na upunguze maji, ili miche izoee taabu ya inje.

Mche wa kupanda una santimetre 20 mpaka 30, umenyooka na una kijani mpaka chini. Mche mrefu mwembamba wenye mizizi iliyozunguka mu sashe, uache. Urefu wake usitudanganye.

KUPANDA

Hesabu kwanza. Kwa lupango fupi tunaacha santimetre 50 kati ya mche na mche. Upande wa metre 20 unaomba miche 41: 40 za hesabu na moja ya mwisho. Ongeza 10 za kuziba mapengo. Kiisha fuata hatua hizi:

1. Vuta kamba kati ya vigingi viwili, na uweke alama kila santimetre 50.
2. Chimba mashimo ya santimetre 30 kwa 30 juma mbili mbele ya kupanda. Udongo wa juu weka kuume, wa chini weka kushoto.
3. Ngojea mvua ishike vizuri. Mvua moja ya Septemba isikudanganye. Udongo ukiwa na maji mpaka chini ya shimo, panda.
4. Rudisha udongo wa juu kwanza, uliochanganywa na kikapu kidogo cha mboji.
5. Pasua sashe na uitoe yote. Tumeng'oa miche mingi iliyokufa na kukuta sashe ingali imefunga mizizi.
6. Mche usimame ulivyokuwa mu sashe: usiuzike zaidi, usiuache juu. Kanyaga udongo polepole kwa mguu.
7. Mwagilia litre 2 kwa kila mche. Bidoni moja ya litre 20 inafika miche 10.
8. Funika udongo kwa majani makavu, lakini majani yasiguse shina. Acha upana wa kiganja.

Mwaka wa kwanza, palilia duara la metre moja kila mara. Mu kiangazi cha Juni mpaka Agosti, mwagilia mara moja kwa juma: maji mengi mara moja kuliko maji kidogo kila siku. Na tuzuie mbuzi kwa miti mikavu ya muda, kwa sababu sipre changa haizuii hata kuku.

KUKATA

Sasa tumefika kwenye kazi yenyewe. Unahitaji makasi ya bustani yenye makali, kamba na vigingi viwili. Panga si chombo cha kazi hii: inapasua matawi, na kwenye mpasuko ugonjwa unaingia.

Mwaka wa kwanza. Usiguse kichwa. Ncha za pembeni zinazotoka sana tu, zipunguze kidogo.

Mwaka wa pili na wa tatu. Kata pembeni kidogo mara mbili kwa mwaka, mu Aprili na mu Oktoba, wakati mvua iko lakini siku yenyewe ni kavu. Kukata kidogo kila mara kunafanya majani yasongamane. Kuacha miaka mitatu halafu kukata sana ndiko kunaua.

Kichwa. Kama unataka lupango ya metre 1.50, usingojee ifike hapo. Ikifika metre 1.40, kata kichwa. Matawi ya juu yataongeza zile santimetre 10 yenyewe.

Umbo. Chini pawe papana, juu pawe pembamba: kwa mfano santimetre 80 chini na 50 juu. Watu wengi wanafanya kinyume, kwa sababu mikono inafika juu kwa urahisi. Juu pakiwa papana, chini hapapati jua, majani ya chini yanakufa, na hayarudi tena. Tundu lile la chini ndilo mlango wa mbuzi.

Kwa sipre moja ya mbele ya depo, kama ile ya picha, sheria ni zilezile. Chagua shina moja la katikati. Vichwa vingine vinavyoshindana nalo, vikate vingali vidogo. Zunguka mti ukikata ncha kidogo, toka chini kwenda juu. Inawezekana kuushika mu metre 1.50 ao 2 kwa miaka mingi, mradi mwaka hata mmoja usipite bila kukatwa.

Na ile iliyokwisha kupita urefu? Tusirudie kosa letu. Punguza kichwa mwaka huu, si zaidi ya sehemu moja ya tatu ya urefu wote, na uhakikishe chini ya msumeno kunabaki matawi mengi ya kijani. Mwaka unaofuata, angalia imeitika namna gani, ndipo upunguze tena. Pembeni, kata ndani ya kijani tu. Kama chini kumekwisha kuwa mti mtupu, usingojee majani pale. Panda mstari mpya mbele yake, na siku mpya itakapokuwa imara, toa ya zamani ufanye kuni ao mbao.

Ukimaliza mti mgonjwa, safisha makasi kwa sabuni kiisha pangusa kwa alkoli ya famasi, ao pitisha makali mu moto, mbele ya kugusa mti mwingine.

WADUDU NA MAGONJWA

Wazee wengine wanakumbuka sipre za zamani zilivyoungua bila moto. Mdudu mdogo, kidukari cha sipre, alionekana Malawi mwaka wa 1986, na miaka iliyofuata akapanda mpaka Tanzania, Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Anaitwa kwa jina la wataalamu Cinara cupressivora. Ni wa rangi ya kahawia, wanakaa kwa makundi juu ya vitawi, wanafyonza maji ya mti, na mate yao ni sumu kwa tawi. Wanazidi mu kiangazi.

Lakini si kila jani kavu ni la kidukari. Kabla ya kung'oa lupango yote, linganisha:

– Majani makavu ndani tu, karibu na shina, na inje kunabaki kijani: ni majani ya zamani yanaanguka yenyewe. Hakuna ugonjwa.
– Majani ya manjano, kiisha ya kahawia, kwa mabaka. Vitawi vinanata mkononi, kuna masizi meusi na sisimizi wanapanda na kushuka: ni vidukari. Funua tawi, utawaona.
– Tawi moja zima ao kichwa kimekauka, na chini yake ganda limepasuka na kutoa ulimbo: ni kuvu ya ganda. Kata mu sehemu nzima, chini ya kidonda, na uchome moto tawi hilo.
– Mti mzima umefifia kwa wakati mmoja: angalia mizizi. Maji yamesimama, ao sashe haikutolewa, ao mbuzi wametafuna ganda.

Dawa ya vidukari tunayoanza nayo ni sabuni. Changanya kijiko kikubwa kimoja cha sabuni ya maji mu litre moja ya maji. Jaribu kwanza juu ya tawi moja, ungojee siku mbili. Kama jani halikuungua, pulizia asubuhi mapema ao jioni, ndani ya tawi, pale wanapojificha. Sabuni inaua yule tu anayeguswa nayo, kwa hiyo rudia baada ya juma moja, mara tatu.

Dawa kali za chupa zisizo na karatasi, zile zinazouzwa kwa kipimo mu soko, tusizitumie. Zinaumiza anayepulizia, na zinaua marafiki wetu. Kidukari ana maadui: wadudu wadogo wa mgongo wa mviringo wenye madoa, pamoja na nyigu mdogo sana anayetaga yai ndani ya kidukari. Nyigu huyo, Pauesia juniperorum, aliletwa kwa makusudi Malawi mwaka wa 1994 ili apigane na vidukari. Ukiona kidukari kimevimba na kukauka na kina tundu mgongoni, shukuru: kuna anayekusaidia.

Tena, tusiweke mayai yote mu kikapu kimoja. Lupango ya sipre tupu, kidukari akifika, anakula kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kila metre 5, weka kipande cha mti mwingine, kama kaliandra, ambayo majani yake yanalisha mbuzi na sungura. Lupango iliyochanganywa haikauki yote siku moja.

MATAWI YALIYOKATWA, NA SIKU YA NOELI

Vitawi vikikauka vinawasha moto vizuri: kila kifungo cha lupango kinapunguza safari ya mama kwenda kutafuta kuni. Usiviweke kwa wingi juu ya maharagi. Wala usivitupie ngombe mwenye mimba: kuna aina ya sipre ambayo majani yake yanajulikana kwa kuharibu mimba ya ngombe, na si rahisi kutofautisha aina hizo kwa macho.

Wakati wa Noeli, watoto wanatumwa kutafuta matawi ya kupamba kanisa, na wanakata pale panapopendeza, yaani kichwa. Hatusemi kanisa lisipambwe. Tunashauri hivi: mu Oktoba, acha upande mmoja wa lupango bila kukatwa. Huo ndio upande wa Noeli. Mu Desemba, onyesha watoto upande huo, uwape makasi, na uwafundishe sheria ya kijani. Kanisa linapata matawi, lupango inakatwa, na mtoto anapata fundi.

KALENDA YA MWAKA

– Januari: kuchuma matunda na kupanda mbegu.
– Machi na Aprili: kuhamishia mu sashe; kukata kwa kwanza.
– Juni mpaka Agosti: kumwagilia changa, kufunua matawi kila juma na kutafuta vidukari, kupiga sabuni.
– Septemba: kuchimba mashimo, kupanda mvua ikishika.
– Oktoba: kukata kwa pili; kuziba mapengo.
– Desemba: upande wa Noeli.

KAZI YA KIKUNDI

Mbele ya mkutano unaokuja, kila mwanachama afunue tawi moja la sipre ya kwake, apime kwa kiganja: kijani kinaingia ndani viganja vingapi? Mulete jibu, na muzungumze:

1. Lupango yetu iko papana juu ao chini? Nani amewahi kuona tundu la mbuzi, na lilianza wapi?
2. Mu kijiji chetu, sipre ngapi zimekauka tangu kiangazi kilichopita? Ni kwa sababu gani kati ya zile nne?
3. Nani kati yetu ana makasi ya bustani? Kikundi kinaweza kununua moja na kuiweka ku depo, ikitoka kwa kuandikwa mu daftari?
4. Mpaka gani tulipanda bila kumwita jirani, na tunaweza kuutengeneza namna gani sasa?

Wale wamama wa pepinieri wana lupango mpya leo. Imefika metre 1.40, na Aprili hii walikata kichwa wao wenyewe. Tulipofika na makasi yetu, mama presidente alitusimamisha kwanza. Akafunua tawi, akatuonyesha kijani, akasema: «Angalieni hapa kwanza, ba agronome. Kiisha mukate.»